Adabu ya Kupokea

Katika miaka thelathini na minane ya kufundisha, kumi na tisa kati yake akiwa mwalimu mkuu, babu hakuwahi kukabidhiwa darasa la mwanafunzi mmoja. Sasa alikuwa nalo, na lilimchosha kuliko yale yote ya watoto sitini sitini. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa na umri wa miaka minne na miezi mitatu. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa kuwa tangu anapofumbua macho mdomo wake haukujua likizo. Mwili wake haukupatana na karanga, ufuta, mayai wala maziwa. Si kwamba hakuvipenda. Hakujua hata ladha yake. Chembe moja iliyosahaulika kwenye kijiko ilitosha kumvimbisha midomo na kulibana koo lake, na mara mbili katika maisha yake mafupi alikwishafikishwa hospitali kucha zote zikiwa za bluu.

Binti wa babu, yaani mama yake Chiriku, alimkabidhi zamu kila siku saa moja kasorobo asubuhi. Alisimama mlangoni, mkoba begani, macho mekundu. Hakuwa amelia. Kwa miaka minne alikuwa amelala usingizi wa mlinzi, sikio moja limesimama, akisikiliza jinsi mwanawe anavyopumua.

"Baba, sindano ya dharura?"

"Ipo." Babu alipiga mfuko wa koti, upande wa kushoto.

"Na ya pili?"

"Kwenye kifuko cha mtoto, kiunoni."

"Orodha umeisoma?"

"Mwanangu, hii ni wiki ya sita. Orodha hiyo naikariri nikiwa usingizini."

"Isome tena, Baba. Mimi ndiye niliyeiandika, na bado naisoma."

Aliisoma, kwa sauti, mbele ya jokofu ilikobandikwa, kama mwanafunzi aliyechelewa. Kisha binti alimbusu mtoto utosini, akashuka ngazi akijishikilia ukutani.

Alikuwa fundi wa kukata na kung'arisha vioo vya miwani. Kazi hiyo aliiacha mtoto alipokuwa na miezi saba, na msimamizi wake, mtu asiyependa maneno mengi, alikubali kumrudisha kwa majaribio ya miezi mitatu. Vituo vitatu vya kulelea watoto vilikuwa vimemkataa Chiriku kwa heshima zote, kila kimoja kikieleza kwamba hakiwezi kubeba jukumu hilo. Mume wa binti alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Siku ishirini barabarani, siku nne nyumbani, mbili kati ya hizo akilala. Bibi alikuwa amekwishafariki. Kwa hiyo mtu wa kumwachia mtoto alikuwa mmoja tu, na akishindwa huyo, kazi ya binti ingekwenda na maji. Hilo babu alilijua, na alilibeba kama alivyobeba kila kitu maishani mwake, mgongo ukiwa wima.

Lakini mgongo ulikuwa umechoka. Kila asubuhi aliipangusa meza mara mbili, kwa vitambaa viwili tofauti. Alipika katika sufuria iliyofungwa uzi mwekundu kwenye mpini, isiyoruhusiwa kugusa kitu kingine chochote jikoni. Mgeni akibisha hodi, kabla ya kuulizwa hali yake aliulizwa alikula nini, akaonyeshwa sabuni. Bustanini babu alitangulia kama mkaguzi, akiangalia chini ya mabenchi kama kuna maganda. Usingizi wake wa saa nane mchana, ambao marehemu mkewe mwenyewe hakuthubutu kuukatiza, ulikuwa umezikwa. Na dukani ilimchukua nusu saa kununua pakiti moja, kwa sababu alisoma kila neno kwa kioo cha kukuzia.

"Mwalimu, leo unasahihisha nini?" mwenye duka alimuuliza. "Maana jana ulisahihisha sabuni."

"Namsahihisha mtu aliyeandika herufi ndogo kama mavi ya nzi. Anayeandika hivi ana jambo analolificha."

"Amepata ngapi?"

Babu alisogeza kioo karibu na macho. "Ameandika, 'Huenda ikawa na chembe za karanga.' Huenda! Mtu anaulizwa swali la ndiyo au hapana, anajibu huenda." Akairudisha pakiti rafuni kwa ncha za vidole. "Hajafaulu."

"Sasa mtoto atakula nini?"

"Viazi," alisema babu. "Viazi havina maandishi."

Haya yote aliyatimiza bila kulalamika. Aliyaona kuwa ni kanuni, na kanuni hazikuwahi kumshinda. Jambo moja tu lilimkereketa. Mama yake Chiriku alikuwa amemfundisha mtoto kwamba mtu yeyote akimpa kitu cha kula, arudi nyuma hatua moja, afiche mikono mgongoni, na aseme, "Hapana. Mama hajaangalia."

Babu alielewa sababu. Lakini kila alipoiona ile mikono ikienda mgongoni, na kile kidevu kikiinuka, alitaka kumsahihisha kama mwanafunzi. Alikuwa amezoesha vizazi vya watoto kusimama mbele ya mkubwa, kunyoosha mikono miwili, kuinamisha kichwa kidogo na kushukuru. Wengine walikuwa madaktari sasa, na bado wakikutana naye njiani walipokea hata gazeti kwa mikono miwili.

Wiki ya nne alitembelewa na rafiki yake, mstaafu mwenzake, aliyefundisha hesabu katika shule yake kwa muda mrefu hata watu wakalisahau jina lake wakamwita Hesabu. Utani kati ya wawili hao ulikuwa wa miaka thelathini.

"Kumbe Mkuu siku hizi ni yaya!" Hesabu alisema akinawa mikono kama alivyoamriwa. "Na aproni umevaa! Ngoja niwaite waliokuwa wanafunzi wako waje wapige picha."

"Nawa mpaka kwenye viwiko. Umekula nini?"

"Nimekula maneno ya mke wangu. Yana karanga hayo?"

Chiriku alikuja mbio kutoka chumbani. "Shikamoo, babu wa hesabu!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo." Akachomoa pipi mfukoni, imefungwa karatasi ya kijani. "Chukua."

Mtoto akarudi hatua moja. Mikono ikaenda mgongoni. "Hapana. Mama hajaangalia."

Mkono wa Hesabu ulibaki hewani. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Lahaula! Huyu ni mjukuu wa Mkuu kweli? Yule Mkuu aliyewasimamisha watoto mstari mzima juani kwa sababu mmoja wao alipokea daftari kwa mkono wa kushoto?"

"Ana mzio," alisema babu.

"Mzio wa pipi, au mzio wa adabu?"

Ulikuwa mzaha tu. Hesabu mwenyewe aliusahau kabla hajamaliza chai yake ya rangi. Babu hakuusahau. Ulikaa naye mchana kutwa, akipangusa meza, akimenya viazi.

Kesho yake alianzisha somo. Hakuwa mjinga wala mzembe; aliitafakari kanuni ile kama mtu anayerekebisha sheria, na akaona inaweza kutimiza yote mawili, usalama na heshima. Hatua ya kwanza, pokea kwa mikono miwili. Hatua ya pili, sema asante. Hatua ya tatu, mpelekee babu ulichopewa kabla hakijafika mdomoni. Walitumia vizibo vya chupa badala ya chakula, na wanasesere wakawa ndio wageni. Chiriku alilipenda somo hilo mno. Alikuwa amechoka kukataa, ingawa hakuwa na maneno ya kulisema hilo. Kila alipotimiza hatua zote tatu, babu alimwambia, "Vizuri sana."

Neno hilo babu hakulitoa ovyo. Shuleni kwake kulikuwa na watoto waliomaliza miaka saba bila kulisikia. Chiriku alilisikia mara kumi kwa siku moja, na kila mara aliruka juu kama aliyeguswa na umeme.

Alikusudia kumweleza binti yake jioni ile ile. Lakini binti aliingia, akaketi sakafuni ukumbini ili avue viatu, na usingizi ukamchukua pale pale, kiatu kimoja mkononi. Jioni ya pili alikuja amepasua kioo cha mteja kwa kusinzia mashineni. Hapakuwa na nafasi ya mazungumzo. Jioni ya tatu nafasi ilikuwepo. Babu akazungumzia hali ya hewa. Ukweli ni kwamba alijua angekatazwa, na kwa mtu aliyezoea kukataza, kukatazwa na mtoto wake mwenyewe kulikuwa kugumu kumeza.

Ijumaa ya wiki ya sita alimpeleka Chiriku kwa kinyozi. Hapo ndipo aliponyolewa ndevu kila baada ya wiki mbili, kwa wembe wa mkono na povu la moto, kwa kuwa mashine za umeme alizihesabu kuwa ni uvivu. Aliangalia kwanza chini ya viti na juu ya meza. Alimketisha mtoto kwenye benchi la kungojea, mbele ya kioo kikubwa ili amwone, akampa kitabu cha picha. Kisha akaketi. Kinyozi akaulaza mgongo wa kiti, na macho ya babu, yaliyokuwa yakimtazama mtoto kiooni, sasa yalitazama dari. Akaona ni dakika kumi tu. Akaona pia, bila kulikiri, kwamba ni raha kulala chali mchana mtu mwingine akishughulika.

Kengele ya mlango ililia. Alimtambua Hesabu kwa kikohozi.

"Ohoo! Mkuu amelala kama mbuzi wa kuchinjwa. Kinyozi, usikosee, nchi nzima itakudai."

"Usinichekeshe, mzee wangu," alisema kinyozi. "Nipo shingoni."

Wembe ulikuwa chini ya taya la babu. Alisikia Hesabu akiketi kwenye benchi, karatasi ikichakarika, Chiriku akimsalimia na kuanza kumweleza habari za picha kitabuni. Kisha Hesabu akasema kwa mshangao wa kweli, "Hee! Mkuu! Amepokea! Mikono miwili, kichwa ameinamisha, asante juu yake! Sasa huyu ndiye mjukuu wako. Yule wa siku ile alikuwa wa kuazima."

Babu alihisi kifua kikimjaa. Povu lilimfikia midomoni, wembe ulikuwa kooni, na kwa muda wa pumzi moja alikuwa tena mbele ya gwaride la asubuhi, viatu vimeng'aa, mistari imenyooka. Alisikia hatua ndogo zikija mpaka ubavuni mwa kiti.

"Babu, nimepokea kwa mikono miwili!"

"Asante umesema?" alisema babu, bila kusogeza taya.

"Nimesema!"

"Vizuri sana."

Hatua ndogo zikarudi kwenye benchi.

Wembe ulipanda shavu la kulia, ukashuka, ukafutwa kwenye taulo. Kinyozi alianza kusimulia habari za mwenye nyumba wake. Ndipo babu alipojiuliza mtoto kapokea nini, na wakati uleule Chiriku akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, kikavu, kama cha mtu anayetaka kusema jambo. Babu aliunyanyua mkono wa kinyozi na kuusukuma kando, wembe na yote, akaketi. Kiooni alimwona mtoto akijikuna shingo. Mkononi mwake kulikuwa na kipande cha biskuti, kimeumwa pande mbili, na juu ya biskuti mbegu za ufuta.

"Haina karanga!" Hesabu alikuwa amesimama. "Mkuu, niliuliza dukani, haina karanga! Na wewe mwenyewe umesema…"

"Piga simu hospitali," babu alimwambia kinyozi. "Kisha lete gari lako."

Alimpakata mtoto. Midomo ilikuwa imeshaanza kuvimba na tumbo lilikuwa likiingia ndani kila pumzi. Kila Jumapili, kwa amri ya binti yake, babu alikuwa akijizoeza kwenye paja lake mwenyewe kwa sindano ya mfano isiyo na ncha, akinung'unika kwamba si mtoto mdogo. Sasa vidole viliijua njia. Aliitoa sindano mfukoni, akachomoa kizibo. Aliishindilia sindano kwenye paja la mtoto, juu ya suruali, mpaka ikalia, na akaishikilia hapo akihesabu kwa sauti. Chiriku alipiga kelele. Kelele ilikuwa na pumzi ndani yake, na babu hakuwahi kusikia kelele tamu kama ile.

Hospitali ilikuwa mitaa miwili mbele. Kinyozi aliendesha gari mkono mmoja ukiwa kwenye honi tangu mwanzo hadi mwisho.

Saa tano na nusu mtoto alikuwa kitandani katika chumba chenye vitanda vinne, kipimo kimebanwa kidoleni, uso bado una mabaka, akilala. Muuguzi alieleza kwamba hatari imepita lakini huweza kurudi, hivyo hawataondoka mpaka jioni. Babu alisimama miguuni mwa kitanda. Hesabu aliketi kwenye kiti cha plastiki, mikono kati ya magoti, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini hakuwa na mzaha wowote.

Binti aliingia bado amevaa koti la kazi, unga mweupe wa vioo mpaka viwikoni. Hakumsalimia mtu. Alinawa mikono kwenye sinki la ukutani, akaweka kiganja juu ya tumbo la mtoto, akatulia hapo midomo ikihesabu. Baada ya muda mrefu aligeuka. Alimtazama baba yake kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. Shavu moja lilikuwa limenyolewa safi, jingine lilikuwa na mvi na povu lililokauka.

"Amekula nini?"

"Biskuti ya ufuta," alisema babu.

Hesabu akasimama. "Ni mimi, mwanangu. Mimi ndiye niliyempa. Mimi mzee mpumbavu, nilikuwa najua habari za karanga tu. Nilaumu mimi."

Binti alitikisa kichwa polepole, kama anayejaribu kuliweka sawa jambo lisilokaa. "Hapana, mzee wangu. Watu wanampa vitu kila siku. Wampe, wasimpe, Chiriku hapokei. Hajawahi kupokea."

Mlango wa kuikwepa lawama ulikuwa wazi mbele ya babu, aliuona waziwazi. Mtoto ni mtoto, angeweza kusema, leo ameshawishika. Hesabu alikuwa akitazama sakafu na asingempinga. Binti angeamini, kwa kuwa uchovu haukumwachia nguvu ya kutilia shaka. Jumatatu angekwenda kazini kama kawaida. Babu alifikiria hilo lote, na aibu ya kulifikiria ikamuuma kuliko kosa lenyewe.

"Anapokea," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Umemfundisha nini?"

Alimweleza. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vizibo vya chupa, wanasesere. Alimweleza pia ya kwa kinyozi, neno kwa neno, pamoja na neno alilomwambia mtoto, na kwamba hakuuliza ni kitu gani kwa sababu wakati ule alikuwa akijisikia fahari. Alisema hayo akiwa amesimama wima, mikono imenyooka ubavuni. Hakuacha kitu.

"Tangu lini?" aliuliza binti.

"Wiki mbili."

"Wiki mbili nakuaga mlangoni, nakuuliza sindano iko wapi, nawe unajibu ipo." Hakupandisha sauti. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungekataa."

Binti alicheka, mara moja, bila furaha, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Miaka miwili, Baba. Miaka miwili nilimfundisha neno moja. Watoto wenzake wanakata keki, yeye analia, mimi nimemshikilia mikono nyuma, namwambia sema hapana, sema tena. Watu wananitazama kama mchawi. Unajua kwa nini? Kwa sababu kila kitu kingine kinanihitaji mimi. Sufuria, orodha, kitambaa, sindano, yote mimi. Lile neno lilikuwa kitu pekee ambacho kingemlinda hata nisipokuwepo."

Hesabu alikuwa akijifuta macho kwa kofia yake.

"Nikugombeze?" alisema binti. "Sina hiyo nguvu. Nimechoka hata kukasirika."

Chiriku alifumbua macho. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini ilianza kazi papo hapo. "Mama, nilifanya zote tatu. Nilimpelekea Babu. Babu alisema vizuri sana. Halafu kwa nini amenichoma?"

Mama alimtazama babu. Hakumsaidia.

Babu alipiga magoti, jambo lililomchukua muda, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. "Babu alikosea," alisema.

"Babu hakosei."

"Anakosea. Alikufundisha vibaya. Somo lile limefutwa."

"Mimi nilikosa wapi?"

"Wewe hukukosa popote. Ulifanya kama ulivyoambiwa. Aliyekuambia ndiye aliyekosa." Ilibidi apumzike. "Chakula akikupa mtu, kataa kama mama alivyokufundisha. Akikupa babu wa hesabu, kataa. Nikikupa mimi bila mama kujua, nikatalie na mimi."

"Si adabu mbaya?"

"Si adabu mbaya."

Mtoto alimkagua kwa makini, povu, mvi na yote. "Babu, mbona uso wako haujaisha?" aliuliza, na kabla ya kupata jibu usingizi ukamrudia.

Saa tisa alasiri binti alitoka nje kumpigia simu msimamizi wake. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisimama upande wa pili wa kitanda.

"Jumatatu utakuja naye kazini kwangu," alisema. "Pale mbele kuna benchi la wateja, na kati yetu kuna ukuta wa kioo. Mtakaa hapo, nikiwaona. Msimamizi amekubali wiki moja, halafu ataangalia."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima. Siwezi kukuacha naye peke yako, Baba. Na kazi siwezi kuiacha. Hiyo ndiyo iliyobaki."

Babu alifikiria wateja watakaoingia, wengi wao wazazi wa watoto aliowafundisha, au hao watoto wenyewe. Wangemkuta Mkuu ameketi ukutani na kifuko cha biskuti za mchele, akiangaliwa na binti yake. Angeweza kusema jambo kuhusu umri wake. Alisema, "Nitakuja saa ngapi?"

"Saa mbili kamili."

"Tutafika saa mbili kasoro kumi."

Jumatatu walifika saa mbili kasoro robo. Babu alilipangusa benchi, mara mbili, kwa vitambaa viwili, mbele ya msimamizi. Upande wa pili wa kioo, binti alivaa miwani ya kujikinga, akaketi mashineni. Gurudumu likaanza kuvuma. Baada ya dakika moja likanyamaza; binti alikuwa ameinua kichwa, akiwatazama. Likavuma tena. Likanyamaza tena.

Katika saa ya kwanza binti aliinua kichwa mara thelathini na moja. Babu alizihesabu zote, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine ya akili. Kazi yake nyingine ilikuwa kutobandua macho kwa mtoto. Hakujua binti anamtazama nani, Chiriku au yeye, na aliona hana haki ya kuuliza. Wateja walikuja. Mama mmoja aliyekuja kuchukua miwani ya mumewe alimtambua, akapigwa na butwaa. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu! Unangoja miwani?"

"Marahaba, mwanangu. Namwangalia mjukuu."

"Aa. Mama yake hayupo?"

"Yupo," alisema babu. "Ananiangalia mimi."

Mchana mtoto alikula viazi vyake kutoka kwenye chombo chake, akalala kichwa juu ya paja la babu, mdomo wazi. Macho ya babu nayo yalitaka kufumba. Alijifinya mkono. Joto lilikuwa kali, gurudumu lilivuma, na jicho lilikuwa zito kama lililojaa mchanga. Lakini tumbo la mtoto lilipanda na kushuka, na yeye alilitazama likipanda, akalitazama likishuka.

Ilikuwa kama saa tisa alipogundua kwamba gurudumu halijanyamaza kwa muda. Saa ya ukutani ilionyesha dakika tano, kisha kumi, kisha robo saa, mvumo ni uleule mmoja. Kwa pembe ya jicho aliona, upande wa pili wa kioo, mtu aliyeinamia kazi yake. Babu hakugeuza kichwa kuthibitisha. Aliogopa kwamba akigeuka, macho yao yatakutana, na binti atalisimamisha gurudumu tena.